Kivuli cha picha kwenye Word, haya tunayodanganyana hapa Bagamoyo

Mimi nachapa na kuprintia watu kazi zao hapa Bagamoyo, na haipiti wiki bila mtu kuja na flashi yake akaniambia niwekee picha vivuli zipendeze, nikimuuliza kivuli cha namna gani ananitolea macho tu. Basi leo tuyaseme.

Eti kivuli kinafanya faili liwe zito. Wapi! Faili ni zito kwa sababu umepachika picha ishirini za simu zikiwa nzimanzima. Kivuli chenyewe Word inakitunza kama namba chache tu, rangi, uwazi (kinavyoonyesha kilicho nyuma yake), ukungu (kingo zilivyo laini), pembe, umbali, kisha inakichora yenyewe juu ya ukurasa. Ndo maana hata ile hofu ya kwamba ukishaweka kivuli picha imeharibika haina msingi, rudi palepale ulipokiweka, kwenye efekti za picha, chagua bila kivuli, picha yako iko vilevile.

Linaloniumiza mimi ni hili la kivuli kikikolea ndo picha inanyanyuka. Kuna mama mmoja ana gesti, alileta kipeperushi cha wageni, ndani kaweka magofu ya Kaole, Boma la Wajerumani na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, picha nzuri wallahi, ila kijana wake kazipiga vivuli vyeusi tii, kimoja kinaangukia kulia, kingine kushoto, kingine juu. Nikamwambia mama, hapa kila picha ina jua lake. Akacheka. Sisi huku bahari iko mashariki, asubuhi jua linatokea majini na vivuli vyote vinalalia bara, jioni vinageuka vyote pamoja, hujawahi kuona mnazi mmoja umekaidi. Ukurasa nao ndo hivohivo, chagua upande mmoja picha zote zifuate. Kile cha kulia chini anachokizoea kila mtu kwenye Word kimepimwa kabisa: umbali pointi 3, ukungu pointi 4, uwazi asilimia 60, pembe digrii 45, yaani kama taa iko juu kushoto. Yule kijana alikuwa kashusha uwazi mpaka sifuri. Tulipourudisha 60 picha ndo zikanyanyuka kweli, maana jicho linasoma kivuli laini kama hewa iliyo chini ya karatasi, kikiwa cheusi linaona fremu tu iliyokaa upande.

Halafu logo. Watu wanalalamika eti Word imegoma kufuata umbo la jahazi lao, imetoa kivuli cha boksi. Word haijagoma, logo yako ni faili la aina ya JPEG, na JPEG haijui kitu kinaitwa uwazi, ule weupe wa pembeni nao ni picha. Lete PNG, aina inayokubali uwazi, iliyokatwa bakigraundi, kivuli kitafuata tanga mpaka mlingoti.

Na menyu ya vivuli ukiikuta ya kizamani usikimbilie kusema Word ni feki, angalia jina la faili, kama linaishia na doc hilo ni la mtindo wa kabla ya 2007, lisevu upya kama docx.

Picha kuonekana kipande tu kama imefyekwa? Hapo kivuli kinasingiziwa, ni nafasi ya kati ya mistari ya maandishi umeifunga kwa kipimo kimoja, ifungue.

La mwisho ni la printa, kwamba ulichokiona kwenye skrini ndo kitatoka. Printa ya leza nyeusi haina wino wa kijivu, inatawanya vidoti, na ukienda kuitoa kopi vile vidoti vinagandana, kivuli kinakuwa kama doa la masizi. Kwahiyo kama kazi yako ni ya kutolewa kopi, mimi nakuwekea mstari mwembamba kuzunguka picha, na nakuchaji bei ileile. Yule mama wa gesti alibaki na vivuli kwenye PDF ya kutuma WhatsApp, za karatasi tukaweka mistari.