Nani alimuumba Mungu? Dhana potofu kuhusu hoja za kuwepo kwake

Hapa Kisumu mabishano kuhusu Mungu hayaishi, iwe stendi ya matatu au ufuoni Dunga watu wakisubiri samaki. Karibu kila mara kijana mmoja huuliza, "Kama kila kitu kina chanzo, Mungu naye aliumbwa na nani?" Watu hucheka, na mjadala hufia hapo. Huniuma, kwa sababu hoja yenyewe, kwamba vitu vyote hatimaye hutegemea chanzo kimoja ambacho ni Mungu, bado haijasikilizwa.

Dhana: Hoja inadai kila kitu kina chanzo.

Ukweli: Watetezi wake wakubwa hawakusema hivyo. Al-Ghazali (1058–1111), mwanazuoni wa Kiislamu, alisema kila kilichoanza kuwepo kina kilichokianzisha. Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki mwaka 1037, alipita njia nyingine: kitu ambacho kingeweza kutokuwepo hakijitoshelezi, lazima kitegemee kingine. Tazama taa ya sebuleni. Hupata stima kwenye waya, waya kwenye transfoma, transfoma kwenye laini kubwa. Unganisha nyaya hata milioni moja. Pasipo mahali stima inapozalishwa, kama kituo cha umeme wa maji cha Sondu Miriu, nyumba ni giza tu. Ndiyo, Sondu Miriu nayo hutegemea maji ya mto, na mto hutegemea mvua. Hapo ndipo swali linapokuwa zito. Ibn Sina alijibu kwamba lazima kuwe na kilichopo kwa lazima, kisichoazima kuwepo kwake popote. Anayetaka kumpinga aulize kwa nini ulimwengu wenyewe usiwe ndio huo wa lazima. Ni swali la haki, na limo katika maandishi ya mwanafalsafa Mskoti David Hume yaliyochapishwa mwaka 1779.

Dhana: Hoja hizi zote ni za mwanzo wa dunia.

Ukweli: Thomas Aquinas (1225–1274), mwanateolojia Mkatoliki, aliamini dunia ilikuwa na mwanzo, lakini alishikilia kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha hilo. Alitafuta kinachoshikilia vitu sasa hivi, kama stima inavyoshikilia mwanga wa taa.

Dhana: Darwin alizimaliza zote.

Ukweli: Kitabu chake cha 1859 kuhusu mageuzi ya viumbe kiliitikisa hoja ya William Paley ya 1802, iliyofananisha viumbe na saa iliyobuniwa. Ya Ibn Sina hakikuigusa.

Dhana: Anayekosoa hoja hamwamini Mungu. La. Anselm, mtawa, alijenga hoja ya kuwepo kwa Mungu kutokana na maana ya Mungu yenyewe; aliyemkosoa mapema kabisa ni Gaunilo, mtawa mwenzake.

Dhana: Haya ni mawazo ya Wazungu.

Ukweli: Hii ndiyo hunigusa zaidi. Ibn Sina alitoka pande za Bukhara, Asia ya Kati. Na hapa Nyanza, mzee Paul Mbuya Akoko alihojiwa na mwanafalsafa Profesa Henry Odera Oruka kuhusu Nyasaye, yaani Mungu kwa Kijaluo. Mzee alijenga hoja yake mwenyewe: miungu ingekuwa mingi yenye nguvu sawa, ingepigana, na maumbile yangevurugika. Lakini mbwa huzaa mbwa, paka huzaa paka. Basi Mungu ni mmoja kwa watu wote. Ila Mungu huyo ni nini hasa? Mzee Mbuya alisema hadhani yupo mtu mwenye jibu la kutosha.