Je, wajua kwa nini tulipu haichanui mpaka ipigwe na baridi?

Bustani za nyumbani za Uholanzi na Uingereza hufuata foleni ileile kila mwaka majira ya kuchipua yanapokaribia. Snodropu, yenye kiua cheupe kilichoinama, hutangulia Januari au Februari, mara nyingine theluji ikiwa bado chini. Krokasi za zambarau na manjano hufuata, kisha dafodili mwezi Machi, hayasinti, na mwishoni tulipu, ambazo nyingi hufunguka Aprili. Maelezo tunayopewa kwa kawaida ni mafupi: jua limerudi, ardhi imepata joto, maua yameamka.

Ingekuwa hivyo tu, tulipu zingechanua Limuru na Lushoto mwaka mzima. Aliyewahi kuletewa matunguu ya tulipu (mfano wa vitunguu, ndiyo yanayopandwa) kutoka Ulaya na kuyapanda moja kwa moja Nairobi au Arusha anajua kinachotokea. Majani mawili matatu mapana yanatoka vizuri, yanakaa wiki kadhaa, yanageuka manjano, basi. Hapo kila kitu hulaumiwa: udongo mbaya, mbolea haikutosha, muuzaji kauza matunguu ya bandia. Mbolea inaongezwa, maji yanaongezwa, na tunguu linaoza. Kumbe kilichokosekana ni baridi.

Dhana iliyozoeleka ni kwamba majira ya baridi ni adui ambaye mmea humvumilia, ukijificha chini ya ardhi mpaka hali itengemae. Dhana hiyo ina makosa mawili kwa mpigo. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba ua hutengenezwa majira ya kuchipua, mmea unapoamka. La pili ni kudhani kwamba miezi ya baridi ni muda uliopotea.

Kosa la kwanza linasahihishwa kwa kisu. Chukua tunguu kavu la tulipu mwezi Oktoba, ulikate wima kutoka nchani hadi kwenye kitako. Nje kuna ganda jembamba la kahawia, ndani yake magamba manene meupe yaliyojaa wanga. Katikati, juu kidogo ya kitako, kuna chipukizi la rangi ya manjano lenye urefu wa sentimita moja au mbili. Lifungue taratibu kwa ncha ya sindano, utazame kwa lenzi. Utakuta majani yamekumbatiana, na ndani yake ua zima: petali sita, stameni sita (viungo vya kiume), na katikati pistili (kiungo cha kike) yenye pembe tatu. Ukubwa wake ni milimita chache na rangi yake bado haijaja, lakini hakuna kiungo kinachopungua. Ua hilo linasubiri Aprili, na bado ni Oktoba.

Liliumbwa katikati ya majira ya joto, tunguu likiwa kavu, halina jani wala mzizi, kwenye ghala lenye nyuzi 17 hadi 20 hivi. Joto hilo nalo ni la lazima. Ndiyo maana wazalishaji wa Uholanzi hukata sampuli za matunguu na kuhakikisha pistili imeshatokea kabla ya kuingiza shehena kwenye vyumba vya baridi. Wakiwahi mno, ua ambalo halijakamilika huharibika humohumo, na kuharibika huko kutaonekana miezi mitano baadaye, tunguu likiwa tayari mikononi mwa mteja.

Sasa baridi yenyewe. Fikiria kibubu. Kila siku ambayo tunguu linakaa kwenye nyuzi 2 hadi 9 za selsiasi, sarafu moja inadondoka ndani. Kibubu cha tulipu hujaa kwa wiki 12 hadi 16, kutegemea aina. Cha hayasinti ni kidogo zaidi, wiki 10 hadi 14. Hakipokei noti. Huwezi kulitupia tunguu kwenye friza kwa wiki moja ukitegemea kwamba baridi kali itahesabiwa badala ya miezi mitatu, kwa sababu chini ya sifuri shughuli za ndani ya tunguu hukaribia kusimama na hakuna sarafu inayoingia; likiganda kabisa, seli zake hupasuka. Ukikivunja kabla hakijajaa unapata ulichoweka. Kwa wiki sita, kwa mfano, kikonyo cha ua hukomea katikati ya majani, kifupi kuliko kidole, na tumba hunyauka na kubaki gamba la kahawia lisilofunguka. Ua lilikuwepo tangu mwanzo, ila lilikosa cha kulinyanyua.

Baridi, basi, haitengenezi ua la tulipu. Inaandaa kikonyo. Katika wiki hizo wanga wa kwenye magamba huvunjwavunjwa kuwa sukari, mizizi hukua kama kuna unyevu, na tishu za kikonyo hubadilika namna zinavyoitikia homoni za ukuaji, hasa jibereli na oksini. Joto linaporudi, kikonyo hupanda kwa kasi, kwa kiasi kikubwa kwa seli zilizokwisha kuwepo kujinyoosha kuliko kwa kuzaa seli mpya. Ndiyo maana tulipu huweza kurefuka kwa sentimita 30 au zaidi katika wiki chache bila kuonekana kuchoka.

Hapa inafaa kuwa mwangalifu. Makala nyingi hueleza jambo hili kwa kuazima jeni liitwalo FLC, ambalo katika mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, huzuia maua mpaka baridi ilizime. Utafiti huo ni mzuri sana, lakini kwa Arabidopsis baridi hutangulia kuumbwa kwa ua, na kwa tulipu hufuata. Mimea yote miwili inahesabu siku za baridi. Haimaanishi kwamba inahesabu kwa mtambo mmoja.

Na maelezo yale ya kwanza, ya jua kurudi, si ya kutupwa yote. Kibubu kikishajaa, joto ndilo linaloamua tarehe. Februari ikiwa ya vuguvugu, dafodili hutangulia. Ikiwa kali, huchelewa. Baridi inatoa kibali, joto linapanga siku. Krokasi huonyesha hilo mbele ya macho yako. Ichume ikiwa imefumba, iingize ndani ya nyumba yenye joto, na kwa muda mfupi itafunguka. Upande wa ndani wa petali hukua haraka kuliko wa nje joto linapopanda, na joto likishuka mambo hugeuka. Petali haina msuli hata mmoja, inafungua mlango kwa kukua. Tulipu nayo hufanya vivyo hivyo asubuhi na jioni, na kwa kuwa kila kufunguka ni kukua, ua la siku ya tano huwa kubwa kuliko la siku ya kwanza.

Sababu ya masharti yote haya iko milimani. Tulipu za mwituni ni za Asia ya Kati, sehemu kama Tian Shan na Pamir, ambako baridi ni ndefu, majira ya kuchipua ni mafupi na kiangazi hukausha kila kitu. Zilipitia bustani za Waturuki kabla ya kufika Leiden, Uholanzi, ambako mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alizipanda miaka ya 1590. Kule milimani, tunguu ambalo lingedanganywa na wiki mbili za joto mwezi Novemba lingetoa ua na kuuawa na barafu ya Desemba. Lenye kuhesabu ndilo lililoacha uzao.

Miti ya matunda ya nchi za baridi ina hesabu yake pia. Tufaha za kawaida hutaka saa 800 hadi 1,000 za baridi chini ya nyuzi 7 hivi. Aina ya Anna huridhika na saa 200 hadi 300, ndiyo maana inapandwa hadi Kabale, Uganda. Batu, huko Java Mashariki, wakulima wa tufaha wamepata njia ya mkato: baada ya mavuno huyapukutisha majani yote kwa mkono, na mti hutoa matumba mapya bila kuingia kwenye usingizi mzito. Kwa tulipu ujanja huo haufai.

Anayetaka kuchanulisha tulipu nyanda za juu za Afrika Mashariki inabidi alipe kibubu kwa friji. Chagua matunguu magumu, mazito, yenye mzunguko wa sentimita 12 au zaidi. Madogo hutoa jani moja tu hata yakipewa baridi yote ya dunia. Yaweke kwenye mfuko wa karatasi au wavu, usiwe wa plastiki uliofungwa kwa sababu yataota ukungu, kwenye droo ya chini ya friji yenye nyuzi 4 au 5. Ondoa matunda yote humo. Tufaha, ndizi na parachichi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huua tumba ndani ya tunguu bila kuacha alama yoyote nje. Hili ndilo kosa linalowaangusha wengi waliofanya mengine yote sawasawa. Hesabu wiki 14. Zikizidi sana 18, matunguu huanza kuchipua mfukoni na vikonyo vyake baadaye huinama na kuanguka.

Yakitoka, panda sita au saba kwenye chungu chenye upana wa sentimita 25 na matundu chini, ncha ikiwa sentimita chache chini ya udongo. Upande bapa wa tunguu uelekee ukingoni, maana jani la kwanza, ambalo ndilo kubwa, hutokea upande huo na litainamia nje badala ya kuwaziba wenzake. Weka chungu mahali pa kivuli, penye ubaridi kuliko pote nyumbani, kwa wiki mbili ili mizizi itangulie, kisha kipeleke kwenye mwanga. Matunguu yaliyopewa baridi yakiwa makavu huchukua kama wiki 6 hadi 9 kufika kwenye ua. Joto likipita nyuzi 25, ua hufunguka na kupukutika ndani ya siku chache, kwa hiyo Dar es Salaam na Mombasa ni kazi ya hasara.

Kalenda nayo ina mtego. Matunguu ya Uholanzi huuzwa Septemba hadi Novemba. Ukiyapa wiki 14 yanatoka Desemba, Januari au Februari, na kwa sehemu kubwa ya Kenya hapo ndipo jua linapowaka. Ya Afrika Kusini, ambako majira yamepinduka, huanza kuuzwa kuanzia Februari na Machi, na yakiingia friji Machi hutoka Juni au Julai, wakati Limuru, Lushoto na Njombe watu wanavaa masweta. Usiyalete kwenye sanduku kimyakimya: Kenya ni lazima yapitie KEPHIS na Tanzania TPHPA, mamlaka za serikali za afya ya mimea, yakiwa na cheti cha afya ya mimea.

Ua likishapita, usisumbuke kuyahifadhi. Kila mwaka tunguu mama la tulipu hujila lote na kuacha watoto, na watoto hao huhitaji majani mabichi kwa wiki nyingi za ubaridi ili wanenepe. Kwetu majani hukauka mapema, watoto hubaki wadogo, na mwaka unaofuata ni jani tu. Asiyetaka shughuli hiyo anunue amarilisi, ambayo asili yake ni Amerika Kusini na haidai baridi. Tunguu lake hupandwa theluthi moja likiwa juu ya udongo, kwenye chungu kinacholizidi kwa vidole viwili tu, na hutoa ua kwa wiki 6 hadi 10.