Kigoma, mwisho wa reli: namna ya kuisoma stesheni ya kale

Mbona reli ya kati haikuishia Ujiji, mji uliokuwa kitovu cha biashara ya Ziwa Tanganyika tangu enzi za misafara? Jibu liko majini. Ufuko wa Ujiji ni wa mchanga na maji yake ni mafupi, ilhali Kigoma, kilometa chache kaskazini, ni ghuba iliyokingwa na vilima, yenye kina karibu kabisa na nchi kavu. Wajerumani walihitaji bandari, na stesheni ikafuata bandari. Anayeitazama stesheni bila kugeuka kulitazama ziwa ameona nusu tu.

Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, kilometa 1,252 za reli ya upana wa mita moja. Miezi sita baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Meli Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani, ilifunguliwa vipande na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wakikimbia, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Grisi hiyo ndiyo iliyoiokoa: Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wabelgiji nao, kwa mkataba wa 1921, walipewa eneo bandarini Kigoma na Dar es Salaam kwa mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi, kodi yake faranga moja kwa mwaka.

Ukikuta kipande cha reli ya zamani, tazama ubavuni. Kiwanda hupiga chapa ya jina lake na mwaka chuma kikiwa bado cha moto. Safisha kwa brashi kavu, usitumie msasa wala tindikali, pitisha chaki juu ya herufi, kisha piga picha mwanga ukitokea pembeni. Ila angalia: mwaka huo ni wa kiwandani. Reli hung'olewa na kuhamishiwa njia nyingine, kwa hiyo chapa pekee haithibitishi umri wa njia, sembuse wa jengo. Mataruma ya chuma ya enzi hiyo, yaani vipande vinavyolazwa chini ya reli kuishika, yana sababu yake pia: mti ungeliwa na mchwa.

Kinachoumiza zaidi majengo ya mawe ya enzi ya Mjerumani ni ukarabati wa saruji. Ukuta uliojengwa kwa chokaa huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hukwama, chumvi huganda nyuma ya plasta, nayo hubanduka mapande mapande na jiwe laini nyuma yake. Gonga kwa kifundo cha kidole: palipobanduka hulia kama debe tupu.

Rudisha chokaa, kipimo kimoja kwa mitatu ya mchanga uliooshwa vizuri. Lowesha ukuta kwanza, paka tabaka lisilozidi milimita 10, kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa, maana chokaa ikikauka upesi hupasuka. Lakini kabla ya hayo yote, ondoa udongo uliorundikana chini ya ukuta na tengeneza mifereji ya paa. Maji yakiendelea kumwagika pale pale, plasta mpya haitadumu.