Kutafakari Neno: hakuna anayeweza kukutafakaria

Kwenye semina moja ya neno la Mungu niliyohudhuria, mwalimu alisimama mbele akauliza, "Tafakari maana yake nini?" Kabla hatujajibu akajibu mwenyewe: "Ni kutafuta na kufikiri. Tafu, fikiri. Tafakari!" Watu wakaitikia amina, na dada aliyekaa pembeni yangu akaliandika daftarini na kulipigia mstari. Nilinyamaza siku ile, maana si adabu kumkatiza mwalimu. Lakini tangu hapo nimelisikia fundisho hilohilo mara mbili zaidi, na karibu kila asubuhi napokea ujumbe wenye kichwa "Tafakari ya leo", ukifuatiwa na swali, "Umeisoma?" Ukijibu ndiyo, shughuli imekwisha. Nadhani makosa haya mawili yana uhusiano.

Maana kwanza, kwa ufupi. Kutafakari Neno ni kulishika andiko, mara nyingi dogo tu, na kulirudiarudia kinywani na moyoni mpaka likutane na maisha yako ya siku ile. Basi.

Sasa asili ya neno. Tafakari haina undugu wowote na tafuta, na wala na tafuna, ingawa hiyo ya pili wapo wanaoifundisha pia. Ni neno lenye asili ya Kiarabu, kutoka tafakkara, na mzizi wake ni zile konsonanti tatu, f, k na r, tunazozikuta kwenye fikiri, fikra na tafakuri. Waislamu wanalitumia vilevile, kwa kuwa Kurani nayo inawasifu wanaotafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Hiyo "ta" ya mwanzo ndiyo iliyomponza mwalimu wetu. Haikutoka kwenye tafuta. Ni kiambishi cha Kiarabu, na kina kazi yake.

Angalia maneno mengine tuliyoyapokea kwa umbo hilohilo: tabasamu, takabari, tahadhari, tawakali. Yaseme polepole, kisha jiulize nani anayatenda na yanamfikia nani. Anayetabasamu, tabasamu liko usoni mwake. Anayetakabari anajikweza mwenyewe. Anayetahadhari anajilinda, na anayetawakali anaiweka nafsi yake mikononi mwa Mungu. Katika Kiarabu umbo hilo mara nyingi hueleza kitendo kinachomrudia mtendaji. Siwezi kutabasamu kwa niaba yako. Naweza kukuchekesha, lakini midomo itakayokunjuka ni yako. Tafakari imo katika kundi hilo, na ndiyo sababu sentensi "nimekutumia tafakari" inanikwaruza masikioni.

Najua kamusi na matumizi vimekwisha kulikubali neno hili kama nomino. Tafakari ya Jumapili, tafakari ya Kwaresima, tafakari ya asubuhi redioni: sina ugomvi na majina hayo, na wengi wanaoziandaa hutumia saa nyingi na Biblia mbele yao. Ugomvi wangu unaanzia pale jina linapotufanya tuamini kwamba kazi imeshafanywa na mwingine. Alichokutumia mchungaji au katekista ni matunda ya kutafakari kwake yeye. Kwako wewe, yakikufikia, ni mafundisho, au mahubiri mafupi, au ushuhuda. Ni mambo mema yenye majina yao mazuri ya zamani. Tafakari inaanza ukishaweka simu chini.

Na ukitaka kuona jinsi Biblia yenyewe inavyolielewa, fungua Yoshua 1:8 katika tafsiri ya Union, ile iliyotoka mwaka 1952 na ambayo wengi wetu tumekulia nayo: "Kitabu hiki cha torati kisiondoke kinywani mwako, bali yatafakari maneno yake mchana na usiku." Nilisoma mstari huu miaka mingi bila kujiuliza jambo lililo wazi kabisa. Kwa nini kinywani? Kama kutafakari ni kufikiri tu, ingepasa kisiondoke kichwani.

Jibu liko kwenye Kiebrania. Neno lililotafsiriwa hapo kwa kutafakari ni hagah, nalo ni neno la sauti. Isaya 31:4 inamtaja simba angurumapo juu ya mawindo yake, na kunguruma huko ni hagah. Katika Isaya 38:14 mfalme Hezekia, akikumbuka ugonjwa wake, anasema aliomboleza kama hua. Hiyo nayo ni hagah. Basi mtu wa Zaburi ya 1, ambaye sheria ya Bwana huitafakari mchana na usiku, tusimwone amekaa kimya na kidole shavuni. Midomo yake inacheza. Ananong'ona, ananguruma kwa chini kama simba aliyekalia windo lake na hataki kunyang'anywa, au analia kwa chini kama hua juu ya mti mchana wa jua kali.

Watu wa kale mara nyingi walisoma kwa sauti, hata wakiwa peke yao. Kumbuka yule towashi wa Kushi kwenye Matendo ya Mitume sura ya 8. Yumo garini mwake, njia ya jangwani, na Filipo anapomkaribia kwa mbio anamsikia akisoma chuo cha nabii Isaya. Anamsikia! Ndipo anamuuliza swali ambalo Kiswahili cha Union kimelisema vizuri ajabu: "Je! Yamekuelea haya unayosoma?"

Jambo jingine linalonipendeza, na sijawahi kulisikia likihubiriwa: hagah hiyohiyo imo katika Zaburi ya 2, mstari wa kwanza kabisa: "Mbona mataifa wanafanya ghasia, na makabila wanatafakari ubatili?" Zaburi ya 1 ina mtu anayetafakari sheria, na jirani yake mlango wa pili ana watu wanaotafakari ubatili. Kitendo ni kilekile. Kumbe kutafakari hakuhitaji kufundishwa, kila mtu anakujua. Usiku ule ulipolala na maneno ya mtu aliyekutukana sokoni, ukayarudia mpaka alfajiri, ukayageuza, ukajijibia mwenyewe gizani, ulikuwa unatafakari. Ulichokosa ni andiko tu.

Kuna kosa dogo la sarufi linalofuatana na haya, nalo siwezi kuliacha. Siku hizi tunasema "kutafakari kuhusu neno", au "kutafakari juu ya neno". Biblia zetu zinasema "yatafakari maneno yake", "huitafakari", "nakutafakari Wewe makesha yote ya usiku". Kiambishi cha mtendwa kimo ndani ya kitenzi, kama katika kulishika au kulitafuna. Ukitafakari kuhusu kitu, umesimama pembeni yake. Ukikitafakari, umekibeba. Mwandishi wa Zaburi ya 63 yuko kitandani, na aliye mdomoni mwake ni Mungu mwenyewe.

Wamonaki nao walilifahamu hili. Guigo wa Pili, mkuu wa monasteri ya Wakartusi kule Ufaransa katika karne ya 12, aliandika barua yenye ngazi ya hatua 4: kusoma, kutafakari, kusali, na kumtazama Mungu kwa utulivu. Ndiyo njia ambayo Wakatoliki wanaiita hadi leo kwa jina lake la Kilatini, Lectio Divina. Kwa Guigo, kusoma ni kukitia chakula kizima kinywani, na kutafakari ni kukitafuna. Wengine katika mapokeo hayo walipenda mfano wa kucheua. Hapo yule mwalimu wetu wa semina angefurahi, maana tafuna imerudi. Lakini imerudi kama mfano. Kama asili ya neno, hapana.

Tofauti ya mwisho ni kati ya tafakari na neno la siku, na hapa Wamoraviani, Wakristo wa kanisa la Moravian, wanatusaidia. Tarehe 3 Mei 1728, kule Herrnhut nchini Ujerumani, kiongozi wao Zinzendorf aliwapa ndugu andiko moja la kwenda nalo kesho yake. Desturi ikaendelea, ndugu wakawa wanalipeleka andiko la siku nyumba kwa nyumba, na kitabu cha kwanza kilichochapwa kilikuwa cha mwaka 1731. Kinaendelea kutoka kila mwaka kwa lugha nyingi. Kwa Kijerumani kinaitwa Losungen, na Losung ni neno la siri analopewa askari ili ajulikane akifika lindoni. Ni neno la kubeba. Hawakupeleka maelezo marefu mlangoni kwa jirani. Walipeleka andiko, jirani akatoka nalo kwenda kazini, na lililobaki likawa kati yake na Mungu wake.

Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na shangazi yangu ni mtu wa kanisa hilo. Anauza mchele na maharage sokoni Tukuyu. Hajawahi kuniambia kwamba anatafakari, hilo neno analiona la wachungaji. Lakini nimekaa naye genge lile. Asubuhi kabla wateja hawajaja anasoma andiko lake mara moja, anafunga kitabu, anakiweka chini ya khanga aliyokalia. Kisha anaanza kuchagua mchele kwenye ungo, na midomo inaanza kucheza. Siku moja andiko lilikuwa Mithali 11:1. "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Akatupa kijiwe, akasema "vipimo vilivyo sawasawa". Akapepeta kidogo, akasema tena, "vilivyo sawasawa". Mteja akaja, akapimiwa maharage, akaondoka. Shangazi akabaki ameshika kisado, kile chombo chake cha kupimia, akiangalia ndani yake.

Kisado chake kilikuwa kimebonyea kitakoni, kimeingia ndani kiasi cha ngumi ya mtoto. Sokoni kila mtu anajua maana ya hilo: mteja anapunjwa. Hajakibonyeza yeye, alikinunua hivyo, na alikuwa amepimia hivyo miaka. Nilimwona akikigeuza, akakipakata magotini, akachukua mchi wa kinu cha jirani na kukisukuma kile kitako kutoka ndani mpaka kikarudi nje kwa mlio mkubwa, watu wakageuka. Hakusema lolote kwangu ila, "Mwanangu, hebu mwite yule mama, hajafika mbali." Nikamkimbilia. Yule mama akarudi akaongezwa maharage yake, akashangaa, akashukuru.

Andiko lile lilikuwa na maneno machache sana. Hakuna aliyemfafanulia mizani ya kale wala mawe ya kupimia, na kama angetumiwa ufafanuzi wa kurasa tatu nadhani angeusoma kwa heshima, akasema amina, na kisado kikabaki kilivyo. Luka anasema kwamba wachungaji wa kondoo walipokwisha kusimulia habari zao Bethlehemu, Mariamu aliyaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake. Kitenzi cha Kigiriki pale ni cha kuweka vitu pamoja, hiki kando ya kile. Neno la malaika, na mtoto aliyelala horini. Andiko, na kisado.

Kwa hiyo ndugu yangu unayenitumia ujumbe alfajiri, usiache, nakuomba. Wengi tungeshinda bila andiko kama si wewe. Badilisha kichwa tu. Andika "Neno la leo", na ukiwa na maelezo yako yaite fundisho, yaweke chini, yawe mafupi. Na badala ya kuniuliza jioni kama nimesoma, niulize limenikuta wapi. Mimi nami sitakujibu tena "asante kwa tafakari nzuri". Nitasema, "Asante kwa Neno, nimelichukua, naenda kulitafakari."