Bakteria Wanaonasa Naitrojeni, na Miti Inayoishi Nao Kwenye Udongo wa Magadi

Bakteria wanaonasa naitrojeni ni viumbe wadogo mno waishio udongoni, wenye uwezo wa kuichukua naitrojeni ya hewani, ambayo mmea hauwezi kuitumia jinsi ilivyo, na kuigeuza kuwa amonia inayoulisha mmea. Takribani asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini atomu zake mbili zimeshikamana kwa nguvu kiasi kwamba viwanda vya mbolea huhitaji joto kali na mgandamizo mkubwa kuzitenganisha. Bakteria hufanya kazi iyo hiyo katika joto la kawaida la shamba.

Wanaojulikana zaidi ni raizobia, washirika wa mimea ya jamii ya kunde, kuanzia maharagwe hadi mgunga. Mzizi hutoa kemikali ya kuwaita, nao hujibu kwa kemikali yao. Unywele wa mzizi hujikunja na kuwafumbata, kisha kinundu huota. Humo mti huwapa sukari, nao huulipa kwa naitrojeni. (Si kila mti wa jamii hiyo una vinundu, mjohoro, kwa mfano, hauna.)

Kando ya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kama vile Nakuru, Elementaita na Bogoria, ushirikiano huo hupata taabu. Ni rahisi kudhani kwamba chumvi huwaua bakteria, na kwamba tiba ni kuwaongeza. Kwa kawaida sivyo, kwa maana raizobia wengi huvumilia chumvi kuliko mmea unaowahifadhi. Kinachovurugika kwanza ni ule mwaliko: nywele za mizizi hupungua, hazijikunji ipasavyo, na vinundu huwa vichache. Isitoshe, chumvi huuzuia mzizi kunyonya maji, na mti wenye kiu hutengeneza sukari kidogo, hivyo hata bakteria walio ndani tayari hubaki na njaa. Magadi nayo huongeza balaa la pili: huufanya udongo kuwa na ualkali mwingi, hata madini ya chuma yaliyomo yasiweze kunyonywa, ilhali bila chuma kimeng'enya kinachonasa naitrojeni hakiundiki.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, anayetaka kurutubisha shamba la namna hiyo aanze kwa kuchagua mti unaostahimili chumvi, ndipo afikirie kupaka mbegu bakteria. Mti wa mathenge, ulioenea Baringo, unathibitisha uwezekano huo, kwani hustawi kwenye udongo wa chumvi na mizizi yake hushirikiana na raizobia, ila usugu wake wa kuvamia malisho ni sababu tosha ya kutoupanda. Kule Kakamega shida ni kinyume, kwani huko mashamba mengi yana asidi, na ushauri wa huku hauwafai wa kule.

Kujua kama vinundu vinafanya kazi, ng'oa mche kwa uangalifu na upasue kimoja kwa ukucha. Wekundu au uwaridi ndani ni dalili njema; rangi ya kijani au kijivu ni dalili kwamba kimechoka au hakikuwahi kufanya kazi. Kwa mti mkubwa wa maeneo makame, usikate tamaa ukikosa vinundu juu juu, kwa kuwa vyaweza kuwa mita kadhaa chini, karibu na maji.