Barua ya kuomba habari sio barua ya malalamiko: andika vizuri, halafu hesabu siku 21

Kila mwaka ikikaribia tarehe 28 Septemba, siku ya kimataifa ya haki ya kupata habari, simu kwenye dawati letu la sheria zinaongezeka, na malalamiko ni yale yale: tuliandikia kaunti wakanyamaza, tuliambiwa hiyo ni siri ya serikali, tuliulizwa sisi ni akina nani na tunataka hizo habari za nini. Najua wengi wenu mnafanya hii kazi kwa kujitolea, vikundi vya akina mama, vijana wa wodi, watu wanaoishi na ulemavu, familia zenye kesi za mashamba, na pesa ya wakili hamna. Kwa hivyo naeleza utaratibu pole pole. Lakini niseme ukweli kwanza, barua nyingi tunazoletewa ati zilinyimwa habari, ukizisoma unakuta hazikuomba habari yoyote.

Barua ni kurasa tatu, inaanza na ufisadi, inamtaja MCA (mwakilishi wa wodi kwenye bunge la kaunti), inasema kontrakta ni shemeji ya fulani, inadai haki itendeke, imesainiwa na kijiji kizima, na ukitafuta ni karatasi gani hasa wanataka kuona huipati popote. Ofisa akishaisoma anaiweka kwenye faili ya malalamiko na kisheria hajakosea. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakupa haki ya habari ambayo ofisi iko nayo, yaani rekodi. Kwa hivyo usiandike "mbona zahanati yetu haina dawa". Andika "naomba nakala ya bajeti ya dawa iliyopitishwa ya zahanati yetu kwa mwaka wa fedha 2024/2025, na nakala za hati za kupokea dawa kutoka KEMSA kuanzia Julai hadi Desemba 2024". Basi. (KEMSA ni shirika la serikali linalosambaza dawa.) Hiyo ni sentensi moja na ofisa hawezi kujifanya hajaelewa. Ukishapata hizo karatasi ndio sasa unaenda kulalamika, na safari hii uko na ushahidi.

Halafu hili swali la "unataka za nini". Sehemu ya 4 ya sheria inasema wazi kwamba haki yako haiathiriwi na sababu yoyote unayotoa wala na vile ofisa anadhania kuhusu sababu zako. Inasikitisha kwamba maofisa bado wanauliza, na inasikitisha zaidi kwamba wananchi bado wanajibu, tena kwa barua ndefu ya kujieleza! Msijieleze. Mnachohitajika kuonyesha ni kwamba wewe ni raia wa Kenya, weka kopi ya kitambulisho, na kikundi pia kinaweza kuomba kama kikundi mradi kinadhibitiwa na raia. Pale tu unapoomba kutoka kwa kampuni binafsi, mfano inayochimba madini au chumvi karibu na kwenu, ndio unaeleza ni haki yako gani unataka kuilinda kwa hiyo habari: maji, ardhi, afya.

Barua inaweza kuwa ya Kiswahili au Kiingereza, zote ni sawa mbele ya sheria. Mtu asiyejua kuandika, au ambaye ulemavu wake unamzuia kuandika, anaenda anasema kwa mdomo na ofisa ndiye anayeandika halafu anampa kopi, na hiyo sio hisani, ni wajibu wake. Ofisi inaweza kuwa na fomu yake lakini haiwezi kukataa ombi lako kwa sababu tu hukutumia hiyo fomu. Kuomba ni bure. Unachoweza kulipishwa ni gharama halisi ya kutoa kopi na kuzituma, kwa hivyo mtu akikuitisha "ya kufungua faili" itisha risiti na uandike jina lake.

Sasa siku, na hapa naomba msome mara mbili kwa sababu ndipo kesi nyingi zinaharibikia. Ofisi ina siku 21 tangu ipokee ombi. Ile siku ya kupokea haihesabiwi, unaanza kesho yake, na Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa, ila siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya umma inasogea hadi siku inayofuata ya kazi. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, kwa mfano kijana wenu amekamatwa na hamjui yuko kituo gani, ni saa 48, na muandike hivyo juu kabisa ya barua kwa herufi kubwa. Ofisi inaweza kujiongezea muda mara moja tu, siku zisizozidi 14, kama rekodi ni nyingi sana au lazima ishauriane na ofisi nyingine. Kama habari iko kwa ofisi nyingine, basi ndani ya siku 5 wanahamisha ombi lako wenyewe, na wanakujulisha kabla ya siku 7 kuisha tangu wapokee ombi, sio kukuambia "enda ujaribu Nairobi". Na siku 21 zikiisha kimya, sheria inachukulia ombi limekataliwa. Watu wanangoja miezi sita wakidhani kimya ni kuchelewa tu, hapana, kimya ni jibu, na saa yako ya kukata rufaa imeshaanza.

Rufaa ya kwanza inaenda kwa Tume ya Utekelezaji Haki, CAJ, ile wengi wanaita Ombudsman, ndani ya siku 30. Tume inaweza kukuongezea muda lakini usitegemee huruma, peleka mapema. Inaweza kuita maofisa, kuitisha rekodi na kuamuru habari itolewe, na amri yake ikiwasilishwa Mahakama Kuu inatekelezwa kama amri ya mahakama. Ofisa anayekataa kupokea ombi, anayekataa kumwandikia asiyeweza kuandika, au asiyejibu ndani ya muda anafanya kosa, faini hadi shilingi 50,000 au jela hadi miezi 3 au vyote viwili. Kuharibu au kuficha rekodi makusudi baada ya kuombwa nalo ni kosa la jinai. Naandika haya kwa sababu kuna maofisa watasoma pia, na wengi wao ni watu wazuri ambao hawajawahi kufundishwa hii sheria.

Kuhusu "siri ya serikali", tuangalie SGR, ile reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi. Mombasa tuliona madereva wa malori na wafanyakazi wa bandari wakipoteza kazi baada ya amri kwamba mizigo ipande treni, na watu wakauliza kitu rahisi sana, mkataba wa mkopo kutoka China unasema nini? Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, wakiwa na muungano wa Okoa Mombasa, waliomba kwa barua, wakanyimwa, wakaenda Mahakama Kuu. Serikali ikajitetea kwamba mikataba ina vipengele vya usiri. Tarehe 13 Mei 2022 Jaji John Mativo akaamua kwamba kuwanyima ni kuvunja Katiba na akaamuru nyaraka zitolewe, na Novemba mwaka huo waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaweka baadhi ya mikataba hadharani. Mimi nawaambia watu wa wodi, kama usiri wa mkataba wa reli ya mabilioni haukusimama mahakamani, wa kontrakta wa choo cha soko utasimamaje? Tena sehemu ya 5 inazitaka ofisi zichapishe zenyewe habari za mikataba, bei na jina la aliyepewa kazi, bila kuombwa.

Hata hivyo sio kila kitu kinatolewa na hapa wananchi nao wanakosea sana. Sehemu ya 6 inalinda usalama wa taifa, uchunguzi unaoendelea, na maisha binafsi ya watu. Mfano mzuri ni basari. Vikundi vinaomba "majina ya watoto wote waliopata basari na matokeo yao na hali za wazazi wao", wanakataliwa, wanasema wamefichwa. Jamani, hao ni watoto! Wewe kama unataka kujua kama basari inagawanywa kwa usawa, omba idadi ya waliopata kwa kila wodi, wasichana wangapi, wavulana wangapi, wenye ulemavu wangapi, jumla ya pesa, na vigezo vilivyotumika na kamati. Hapo hakuna faragha ya mtu inayoguswa na upendeleo kama upo utaonekana. Vivyo hivyo zile asilimia 30 za zabuni ambazo sheria inatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kila mkutano tunasikia hazifiki kwao, lakini ni wachache wameomba ile orodha ya kampuni zilizopewa kazi chini ya mpango huo katika kaunti yao. Haki za usawa zinapiganiwa na nambari, na nambari ziko kwenye makabati ya ofisi zilizo karibu na nyinyi.

Jambo la mwisho ni muhuri. Peleka barua mbili, moja waache nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe mbele yako. Karani akikataa kugonga, usigombane naye, toka nje utume hiyo hiyo barua kwa imeli ya ofisi au kwa posta ya rejista na uhifadhi risiti, kisha uandike siku na saa ulipokataliwa. WhatsApp ya MCA haihesabiki, hata akiweka tiki za bluu. Ukija kliniki yetu ya sheria njoo na hiyo kopi yenye muhuri, kitambulisho, na jibu lolote ulilopewa hata kama ni mistari miwili, manake bila uthibitisho wa tarehe ya kupokelewa itabidi tuandike barua upya na siku 21 zianze tena mwanzo.