Bima ya boti kwenye mito na maziwa ya mbali: anzia kwenye kifungu cha uokoaji

Kazi yangu ni kukagua boti zilizopata ajali na kukadiria hasara ili mwenye chombo alipwe fidia. Penye gati na kreni, swali huwa ni boti imeharibika kiasi gani. Kwenye mto usiofikiwa na barabara, swali la kwanza ni nani ataitoa pale ilipo, na kwa gharama ya nani. Ndiyo maana anayelinganisha mikataba ya bima namwambia aiweke kando ada ya mwaka kwa muda, asome kwanza eneo la safari, kuvutwa na uokoaji.

Eneo la safari huandikwa kwa maneno machache mno. Mkataba ukisema "maji ya ndani", uliza kama ni mito yote au ile tu yenye alama za njia ya vyombo. Mingine huweka kikomo cha maili kadhaa kutoka bandari yako. Ziwa lenye nchi mbili ni gumu zaidi: upepo ukikusukuma ng'ambo ya mpaka, bima inakufuata? Jibu la wakala kwa simu halitoshi. Liombe kwa maandishi, likitaja ziwa au mto kwa jina.

Kuvutwa na kuokolewa ni mambo mawili. Injini imezima, boti iko salama, chombo kingine kinakufunga kamba kwa bei mliyopatana: huko ni kuvutwa. Uokoaji ni pale chombo kiko hatarini, na ujira wake huangalia thamani ya kilichookolewa. Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa 1989 unataka kazi izae matunda kwanza ndipo ujira wa kawaida ulipwe, lakini ujira huo unaweza kufika thamani yote ya mali iliyookolewa. Unaziruhusu pia nchi kutoutumia pale uokoaji unapofanyika maji ya ndani na vyombo vyote vinavyohusika ni vya huko, kwa hiyo ziwa lako linaweza kuwa chini ya sheria nyingine kabisa. Sasa angalia kiwango cha fedha za kuvutwa kilichomo kwenye mkataba. Kama kinatosha saa chache za kazi, na boti ya msaada inasafiri siku nzima kukufikia, kitaisha kabla kamba haijafungwa. Ningekuwa mimi, ningekubali kujibebea sehemu kubwa zaidi ya uharibifu mdogo mdogo, ili ada ninayookoa ininunulie kiwango cha juu cha uokoaji.

Kuondoa mabaki na kusafisha mafuta yaliyomwagika navyo vimo humo. Boti iliyozama karibu na mahali watu wanapochota maji haiwezi kuachwa. Uliza kama gharama hizo zina kiwango chake, au zinamegwa kwenye thamani ya boti. Zikimegwa, siku chombo kinapotea chote, hakuna kinachobaki cha kukitolea.

Kwenye injini, kisiki kilichofunikwa na maji ya mafuriko huvunja rafadha (panga linalosukuma boti), lakini hasara kubwa iko ndani zaidi. Shafti inapinda kidogo, sili inayozuia maji inaachia, maji yanaingia kwenye giaboksi, na oili inageuka nyeupe kama maziwa. Mwenye boti asipofungua kuangalia, anaendelea na safari mpaka gia zinalika. Hapo kampuni itasema ni uchakavu, na uchakavu haulipwi. Kwa hiyo tafuta maneno yanayotaja wazi kugonga kitu kilicho chini ya maji. Ukigonga, piga picha ya rafadha, ya oili na ya mahali penyewe, na kipande kilichovunjika usikitupe. Mkaguzi husoma mengi kwenye mvunjiko wake.

Sheria ya Bima ya Majini ya Uingereza ya 1906, iliyoigwa na nchi kadhaa, inamtaka mwenye mali achukue hatua za busara kuzuia au kupunguza hasara. Chukua injini iliyozama. Ikishatolewa majini, kutu huanza mapema sana. Fundi akiwa karibu, toeni plagi, maji yatoke, isafishwe kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) na kutiwa oili siku hiyohiyo. Fundi akiwa mbali, afadhali ibaki imezamishwa kwenye pipa la maji baridi mpaka afike, kwani ikikutana na hewa ndipo inapoliwa. Mikataba mingine inakutaka uombe kibali kabla ya kugusa chochote, jambo lisilowezekana kusikokuwa na mtandao wa simu. Omba iandikwe kwamba hatua za dharura haziharibu madai yako na gharama zake zitarudishwa.

Kuhusu thamani, chagua ile iliyokubaliwa siku ya kusaini. Thamani ya soko hupunguzwa kwa umri wa boti, na haijali kwamba boti nyingine itabidi isafirishwe mpaka kwako.

Jambo jingine ni matumizi. Boti iliyoandikishwa kwa matembezi ya familia, ikianza kubeba abiria kwa malipo, inaweza kukosa fidia yote, hata kama abiria wanachangia mafuta tu. Mipango ikibadilika katikati ya mwaka, iarifu kampuni kabla ya safari ya kwanza ya aina hiyo na utunze jibu lake.